Kanda Ulizozichoma kwa Ajili ya Mama

Kaka Yona,

Shikamoo. Sijui barua hii itakukuta wapi, wala kama itakukuta. Nimeiandika wazi, isomwe na yeyote, kwa sababu anwani yako sina, na namba yako ya zamani anaipokea mwanamke mmoja wa Singida ambaye nimeshamchosha. Mara ya mwisho aliniambia, "Dada, huyo kaka yako mimi simjui, lakini nikimwona nitamwambia unamtafuta." Basi na wengine wanisaidie. Kama unayesoma hapa unamfahamu fundi wa kuchomelea, mrefu, mkimya, anayepiga muziki wa magitaa mazito karakana nzima ikamlalamikia, mfikishie. Mwambie ni Debo.

Nitaanza na muziki, maana nikianza na mengine utaikunja barua kabla hujafika katikati.

Ulikuwa na miaka ishirini na mbili, mimi kumi na mitatu. Ulikuwa unafanya kazi kwenye karakana moja ya Kizota, mageti na magrili ya madirisha, na siku uliyokwenda kufunga grili kwenye duka la vitambaa la kina Kishor ndipo ulipousikia kwa mara ya kwanza. Kishor alikuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo na boksi zima la kanda. Baba yake alimkataza asizipige mbele ya wateja, kwa hiyo alijifungia chumba cha nyuma. Ulirudi nyumbani macho yanawaka. "Debo," ukaniambia, "nilidhani kuna mtu anakata chuma huko ndani. Kumbe ni gitaa!"

Hevi metali na panki. Nadhani Mkonze nzima, mtaa wetu wote, tulikuwa wawili tu tuliokuwa tukiyatamka maneno hayo, na mimi nilikuwa nayatamka vibaya. Majina ya bendi yalitushinda, nusu ya kanda hazikuwa na jalada, tukazipa majina yetu wenyewe. Hata leo siwezi kuziita vingine.

Ya kwanza tuliiita Grinda, kama ile mashine yako ya kusagia chuma. Gitaa moja linasaga chini, lingine linalia juu yake. Kwangu mimi zilikuwa kelele tupu mpaka uliponishika mkono ukauweka kwenye spika ya ile redio kaseti uliyoazimwa na Kishor. "Hili unalolisikia kwenye kiganja ni besi," ukasema. "Watu hawalijali. Litoe uone, nyumba yote inaanguka." Kisha ukaleta kamusi, tukakaa kwenye ndoo zilizopinduliwa nyuma ya nyumba, tukawa tunatafsiri mstari kwa mstari. Mimi nilitegemea matusi na mashetani. Tukakuta habari za mzee mmoja ambaye kiwanda chake kimefungwa, lakini kila alfajiri anaamka saa ile ile, anavaa viatu vya kazi, anakaa navyo mezani mpaka jua linapanda. Ulifunga kamusi. Halafu ukasema, "Huyu si ni Baba Mdogo kabisa?" Tukacheka mpaka machozi, maana Baba Mdogo alikuwa amepunguzwa kazini na bado alikuwa akipiga pasi shati jeupe kila Jumatatu. Kesho yake nilipomwona kwenye kibaraza na shati lake, sikuweza kucheka tena. Muziki ule ulinifanya nimwone.

Ya pili tuliiita Nusu Saa. Panki hiyo, wasichana wanne, nyimbo kumi na tano, na zote zinaisha kabla maharage hayajachemka. Nilikuambia, "Kaka, hawa hawajui kupiga." Ukanijibu, "Ni kweli hawajui. Lakini hawakusubiri wajue." Nilikuwa nafagia uwanja huku kanda ile ikipiga. Mama akawa anauliza mbona siku hizi nafagia kwa hasira na vumbi lote linaingia ndani. Shuleni nilikuwa mtoto wa kunyamaza, mwalimu akiniuliza nilikuwa namjibu kwa kutazama viatu. Nikiwa na ufagio na wale wasichana, nilikuwa mtu mwingine. Ulinijua hivyo, na hukumwambia mtu.

Ya tatu ilikuwa Mvua. Ilirekodiwa uwanjani, mbele ya watu, na mvua inanyesha juu yao; unaisikia ikigonga vipaza sauti. Katikati ya wimbo mmoja umeme unakatika upande wa mwimbaji, sauti yake inapotea, na umati unauchukua wimbo na kuumaliza wenyewe, bila chombo hata kimoja isipokuwa ngoma. Tuliisikiliza kiangazi kile ambacho uwele uliungua mashambani na upepo ukawa unabeba mchanga hadi ndani ya sufuria. Ulikuwa ukirudisha nyuma kipande kile mara tatu, mara nne. "Sikiliza," ukawa unasema. "Hakuna aliyewaambia waimbe."

Na ya nne, Mbuzi. Hiyo ilikuwa na jalada lake halisi: fuvu la mbuzi kwenye kitambaa cheusi. Nilikuwa naiogopa. Uligundua, ukanifungulia kile kikaratasi cha maneno, ukanionyesha kwa kidole chako chenye mafuta. Muziki wake ulikuwa mzito na wa polepole, kama mtu anayevuta gunia peke yake, na maneno yote, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, yalikuwa ya kijana anayemlilia baba yake aliyekufa wakiwa wamegombana. "Analia tu huyu," uliniambia. "Jalada ni la kuwatisha watu wasimwone akilia."

Ningependa barua iishie hapo.

Baba alijua unasikiliza "muziki wa Kizungu wa kelele," lakini hakujua zaidi. Alikuwa mzee wa kanisa, na nyumba yetu haikuwa ya kuingiza fuvu. Ndiyo maana ukaziweka kanda juu ya dari la chumba chako, ndani ya boksi la biskuti, na mimi peke yangu ndiye niliyejua.

Jumanne ile Mama alianguka asubuhi bombani. Tulimkuta mdomo umevutwa upande, mkono wa kulia umelala kama si wake. Ulitaka apelekwe hospitali saa ile ile. Baba akakataa. Sikuelewa wakati ule. Leo naelewa zaidi kidogo. Bibi mzaa baba alipelekwa hospitali akiongea, akarudi ndani ya sanduku, na Baba alikuwa ameapa hatafanya hivyo tena. Akaita kikundi cha maombi. Mwinjilisti wa kanisa letu akaja na watu wake, wakamzunguka Mama pale sebuleni kwenye godoro, wakaomba Jumanne, wakaomba Jumatano. Mama hakuweza kumeza hata maji. Macho yake yalikuwa yanatufuata kila tunakokwenda.

Alhamisi mchana ulitoka bila kuaga. Nilidhani umetukimbia. Kumbe ulikwenda kutafuta gari.

Na sasa nafika mahali ambapo nimepakimbia miaka yote hii, Kaka.

Ulipokuwa umetoka, Mwinjilisti alisema mbele ya wote kwamba kuna kitu ndani ya nyumba kinachozuia maombi. Alisema kwa upole, hakupaza sauti. Halafu akanifuata jikoni nilikokuwa nachota maji, akasimama mlangoni.

"Binti, unampenda mama yako?"

"Ndiyo."

"Kuna kitu unakijua humu, na unaogopa kukisema?"

Nilimfikiria mbuzi. Nilikuwa nimemwona Mama ametoa mate upande mmoja wa mdomo, na nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na nilimfikiria yule mbuzi juu ya dari. Nikamwambia. Chumba cha Yona, juu, boksi la biskuti.

Ni mimi. Kishor hakusema neno. Ulimdhania yeye kwa sababu Jumatatu alipita nyumbani kukuulizia na Baba akasimama naye getini kwa muda mrefu. Walikuwa wanaongea habari za shule za ng'ambo. Niliona ulivyoirudisha redio yake kesho yake, Ijumaa, ulivyoiweka juu ya kaunta ya duka bila salamu, ukageuka. Nilikuwa nimesimama mlangoni, ulikuwa umenichukua nikushikie waya wa redio. Ningeweza kusema pale pale. Sikusema.

Lakini Ijumaa ni baadaye. Turudi Alhamisi.

Ulifika na pikapu ya jirani. Dereva aliiacha inanguruma nje ya geti. Uliingia uwanjani ukakuta kanda zako zimemwagwa mchangani, jalada la mbuzi limewekwa juu, na mama mmoja wa kikundi ameshika kidumu cha mafuta ya taa. Baba alikuwa mlangoni, mikono miwili kwenye fremu.

"Baba, gari lipo. Tumtoe."

"Mama yako hatoki."

"Tangu juzi hajanywa maji, Baba. Anaishiwa nguvu."

"Nimesema hatoki! Wewe umeleta haya ndani ya nyumba yangu, halafu unaniambia habari za gari?"

Mwinjilisti akasema, "Kwanza vichomwe. Na mwenye navyo ndiye avichome, kwa mkono wake, ili aviache."

Nilikuwa nimesimama karibu na karo, nimekumbatia sufuria tupu. Nilijua utapiga kelele. Nilijua utamsukuma mtu. Hukufanya hivyo. Uliziangalia kanda, ukamwangalia Baba, na ukauliza taratibu kama mtu anayepima bati kabla ya kulikata:

"Nikizichoma, Mama anaingia kwenye gari?"

Baba hakutoa mikono kwenye fremu.

"Nakuuliza mbele ya watu, Baba. Nikizichoma zote, kwa mkono wangu, Mama anakwenda hospitali leo? Sasa hivi?"

Baba akamtazama Mwinjilisti.

"Usimtazame yeye," ukasema. "Ni mke wako."

Gari lilikuwa linanguruma. Nakumbuka nilikuwa naomba dereva asizime, kana kwamba akizima tu basi Mama amekufa. Baba alifumba macho. Akasema, "Choma. Atakwenda."

Ulipokea kidumu. Hukuzitupa zote kwa pamoja. Uliziweka moja moja, na kila moja uliitazama. Plastiki ilitoa moshi mweusi mnene, utepe ukajikunja na kuruka. Watu wakaanza wimbo wa sifa. Ulipofika kwenye Mvua mkono wako ulisita, nikaona kidole gumba kinapapasa lile dirisha dogo la katikati, halafu ukaiachia. Hukusubiri iishe. Ulimpita Baba mlangoni, naye akatoa mikono kwenye fremu. Ulimbeba Mama peke yako, nguo zako zinanuka moshi, kichwa chake begani kwako, ukamlaza kwenye pikapu na kumshikilia njia nzima.

Hospitali walisema ni kiharusi. Walimwekea dripu saa ile ile. Nesi mmoja alimwambia Baba, bila kumung'unya maneno, "Mzee, mngemleta kesho mngekuwa mmetuletea maiti." Nilisikia. Na Baba alisikia. Nilimwona akishika ukuta.

Mama akapona, kwa kadiri alivyopona. Na kabla hata hajatoka wodini, Mkonze ilikuwa imeshaamua ni nini kilichomponya.

Jumapili ile ukaitwa mbele ya kanisa. Mwinjilisti akakupa kipaza sauti ili useme Bwana alivyokutoa gizani. Nilikuwa kwenye kwaya, safu ya mbele, na gauni la bluu. Ulishika kipaza sauti ukasema maneno machache, nayakumbuka yote: "Mama amepona hospitali. Nilichoma kanda zangu ili Baba akubali kumpeleka. Sina ushuhuda mwingine."

Minong'ono ikaanza kanisani. Mwinjilisti akasema, "Shetani bado anang'ang'ania." Ukageuka upande wa kwaya. Ukanitafuta, ukaniona. Ukauliza kwenye kipaza sauti, kila mtu akasikia:

"Debo, si ulikuwepo? Waambie."

Nilitazama viatu vyangu.

Baba alitoka kwenye kiti chake, akatembea mpaka mbele, akakupiga kofi. Sauti yake iliingia kwenye kipaza sauti na kutoka kwenye spika zote. Uliweka kipaza sauti chini polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika, ukatoka kwa mlango wa pembeni. Tuliporudi nyumbani, begi lako halikuwepo.

Kwa miezi nilijiambia utarudi mwisho wa wiki. Tulisikia umeonekana Kibakwe, unatengeneza mashine za kusaga. Nilipomaliza kidato cha nne nilikwenda huko. Mwenye mashine akaniambia, "Fundi Yona? Mtu mzuri. Ameondoka zamani kidogo. Hakusema anakwenda wapi." Akanionyesha mlango uliouchomelea. Niliushika. Sikujua la kufanya zaidi ya kuushika.

Nikawa mtu mzima ndani ya uongo ule. Kila mwaka kanisani kulikuwa na mtu wa kusimulia habari za nyumba ya mzee fulani, moto uliowashwa na mama aliyeinuka. Baba mwenyewe alikuwa hasimulii. Akisikia, anainamisha kichwa. Watu walidhani ni unyenyekevu. Mimi nilikuwa najua siyo, na nilikuwa nakaa naye benchi moja.

Baba amefariki, Kaka. Ni mwaka sasa. Samahani kwa kukuambia hivi, katikati ya mambo mengine; sikujua niliweke wapi. Aliugua kifua. Siku moja nikimpa uji aliniuliza, "Yona anajua kwamba ninaumwa?" Nikamwambia hatujui ulipo. Akasema, "Nilimpiga mbele ya watu," akageukia ukutani. Hakuongeza. Sitakuongezea maneno ambayo hakuyasema.

Baada ya arobaini nilikwenda dukani kwa Kishor. Sasa duka ni lake, na nywele zake zimeanza mvi. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, yeye akiwa anakunja kitambaa. Alikunja mpaka mwisho, akakiweka kwenye rafu, ndipo akanitazama.

"Miaka yote hii," akasema, "nimekuwa najiuliza nilimkosea nini."

"Samahani, Kaka Kishor."

"Usiniambie samahani kwanza. Duka halijahama. Mkonze haijahama. Ulishindwa nini kuja?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa msamaha, nadhani, na ndiyo maana ilinichoma. Hakunipa mkono nilipoondoka. Lakini baada ya wiki mbili alinipigia simu. Nyingi ya zile kanda alizokupa zilikuwa nakala. Tatu za asili anazo bado, zimekaa kwenye kabati la mama yake. Zilizobaki alizitafuta mtandaoni. Amenitilia zote kwenye flashi. Aliponikabidhi alisema, "Si kwa ajili yako. Ukimpata, mpe."

Nikazisikiliza, Kaka, nikiwa peke yangu jikoni mchana, mlango umefungwa kama vile bado Baba yupo. Nimeshakuwa na miaka mingi kuliko uliyokuwa nayo wewe. Nilitarajia nizione za kitoto. Grinda ni nzuri kuliko nilivyokumbuka. Wale wasichana wa Nusu Saa wanapiga vibaya kweli kweli, na nikasimama nikaimba nao kila neno mpaka koo likauma. Mvua sikuimaliza siku ile. Na Mbuzi ndiyo iliyonivunja, maana sasa nilijua kijana yule anasema nini, na nilijua ni nani mwingine ambaye baba yake amekufa wakiwa wamegombana.

Sikumsikia Mama akifungua mlango. Tangu kiharusi kile anaburuza mguu mmoja, lakini muziki ulikuwa juu. Alisimama na fimbo yake akisikiliza. Siku hizi maneno yake yanatoka yamevingirishwa, wageni hawayaelewi, ila sisi wa nyumbani tumezoea. Akauliza, "Ndizo zile?"

Nikamwambia ndizo. Halafu nikamwambia na mengine: jikoni, Mwinjilisti, dari, boksi. Nililia kama mtoto. Mama aliningoja nimalize.

"Nilikuwa nimelala pale," akasema. "Mdomo ndio uliokataa. Masikio hayakukataa. Nilimsikia akimuuliza baba yenu. Nilimsikia mara zote mbili."

"Mama, ulijua? Mbona hukusema?"

"Nilipopata sauti, baba yenu alikuwa ameshampiga na mtoto ameshakwenda. Nikaona nikisema, nitabaki sina mwana na sina mume. Nikachagua." Akakaa kwenye kigoda. "Nilichagua vibaya. Zima hiyo. Jumapili twende tukaseme kanisani."

Jumapili iliyofuata akaniambia nimvalishe kitenge chake cha heshima. Wakati wa shuhuda ulipofika alinyoosha fimbo juu. Watu wakafurahi, wakadhani atashukuru kwa kumaliza msiba. Tulitembea mpaka mbele, yeye akiwa ameniegemea. Mwinjilisti, ambaye sasa amestaafu, alikuwa kwenye kiti cha pembeni. Mama akasema sentensi moja, akanigusa mkono. Ndipo nilipoelewa kwa nini ameng'ang'ania niende naye: hakuna aliyemwelewa. Ilinipasa niyaseme mimi.

Mama akasema, nami nikarudia kwa sauti: "Miaka ile mlisema moto ulinipa uzima." Akasema, nikarudia: "Mimi nilikuwa nakufa kwa kiu kwenye godoro, na ninyi mnaimba." Mwinjilisti akainuka kidogo kitini, akasema, "Mama, umechoka. Kaa upumzike." Mama akasema neno moja ambalo halikuhitaji mkalimani: "Sijachoka!"

Tukaendelea. "Mwanangu Yona alichoma kitu alichokipenda ili niingie kwenye gari. Alisimama hapa akawaambia kweli. Akapigwa kwa kusema kweli." Kisha Mama akanitazama, na nikajua sehemu yake imeisha. Nikasema ya kwangu bila kurudia ya mtu. Nikasema mimi ndiye niliyeonyesha zilipo kanda, na niliona na kusikia makubaliano yote, na kaka yangu aliponiita nishuhudie nilinyamaza, nikiwa nimevaa gauni la kwaya ya kanisa hili.

Sijui nilitegemea nini. Wengine walinung'unika. Mtu mmoja nyuma alisema kwa sauti kwamba marehemu anachafuliwa. Mwinjilisti alichukua kofia yake, akatoka kabla ya sadaka, na hadi leo hajasema chochote kwetu. Lakini kwenye benchi la wanawake aliinuka mama mmoja mzee, taratibu, akishikilia mgongo wa benchi la mbele. Akasema, "Mafuta ya taa nilileta mimi. Nilisikia kama walivyosema. Ni kweli tupu." Akakaa.

Ni hayo, Kaka. Hayarudishi kitu. Najua.

Nimefikiria sana ni nini ninachokuomba, na nimefuta mara nyingi. Sikuombi unisamehe kwa barua. Ni rahisi mno, kwangu na kwako. Ukitaka kukataa, njoo ukatae ukinitazama usoni, na sitatazama chini. Ukitaka kuanzia kwa Kishor kabla ya nyumbani, anza kwake, flashi nimemrudishia akushikie. Ukiwa na mke na watoto, waje wote. Ukiwa hutaki kuja, tuma mtu aseme tu kwamba barua imefika.

Mama yupo hapa pembeni ananisimamia ninavyoandika. Amenikataza kabisa nisikwambie kwamba anaumwa, ili usije kwa huruma ukajikuta unambeba tena. Ameniambia niandike ilivyo: haumwi. Anakula, anatembea mpaka getini na kurudi, asubuhi anawagombeza kuku. Anakutaka uje akiwa mzima, na mdomo wake unasema.

Mdogo wako,
Debora
Mkonze, Dodoma